Chembe za Nani

Lumba-lumba ni jani chungu kidogo, lenye harufu inayokuingia puani hata kabla hujalikata. Kwetu Kolwezi tunalitia kwenye samaki, tunalichemsha kwa mafua, na mwanamke akijifungua watu wanalitafuta kabla hawajatafuta sabuni. Mzazi anakunywa maji yake. Mtoto akisumbuliwa na tumbo anapewa kijiko. Katika mtaa wetu, aliyesema lumba-lumba alikuwa ametaja jina la mama yangu. Hakuwa muuguzi wala mganga. Alikuwa na matuta nyuma ya nyumba, basi.

Matuta yale yalishuka mpaka karibu na kijito. Kulikuwa na seleri, vitunguu vya majani tunavyoviita sibule, na mchicha wetu, lengalenga, na hizo ndizo zilizotuletea unga wa bukari, ugali wetu. Lakini lumba-lumba ndiyo iliyomfanya mama awe mtu mbele ya watu. Wanawake walisimama kwenye lango letu la mabati na kumwita "mama ya batoto", ingawa alizaa wawili tu, kaka yangu na mimi. Wakati mwingine walirudi na mtoto aliyekwisha kunenepa, wakamwonyesha: huyu hapa, ni wako. Baba alikuwa amefariki. Nadhani sauti zile langoni ndizo zilizomfanya mama aendelee kuamka mapema.

Udongo wetu ni mwekundu na mgumu. Zamani mama alichota udongo wa kichuguu kikubwa kilichokuwa upande wa njia ya Nzilo, maana hapa kila mtu anajua kwamba kichuguu ni mbolea ya asiye na mbolea. Kisha watu wakakibomoa kufyatua matofali, na pahali pake pakawa shimo la maji ya mvua. Msimu uliofuata lengalenga yetu ilitoka nyembamba kama uzi. Mama aliikata hivyo hivyo, akaifunga mafungu manene ili isionekane.

Kaka alifanya kazi ya kuosha mawe. Wachimbaji, hao tunaowaita krezere, walileta viroba kutoka upande wa Mashamba. Jina ni hilo, na kule hakuna shamba hata moja, ni mashimo tu. Kaka na wenzake waliponda mawe yale, wakayasaga, wakayaosha katika visima vifupi walivyochimba na kutandika turubai. Kilicho kizito kinabaki na kinauzwa. Maji yanatulia, na chini yake kunalala tope. Tope lile likikauka ni jeusi na laini, halina hata punje ya mchanga. Wanunuzi hawalitaki. Siku moja kisima kilikuwa kimejaa, kaka akakichota, akajaza kiroba na kukileta nyumbani kwa baiskeli.

"Mama, angalia hii budongo," alisema. "Nyeusi namna hii! Kule tunaitupa tu."

Mama alichukua kidogo, akakisugua kwa kidole gumba. Akanusa. Kisha akagusisha ulimi, kama wanawake wa kwao wanavyofanya wanapopewa shamba jipya.

"Laini kama bunga," alisema. "Na yote hii mulikuwa munatupa? Banaume muko bajinga!"

"Sasa mama, mi ningejua nini? Mi kazi yangu mawe."

"Njo nasema," alijibu mama: hicho ndicho alichokuwa akisema.

Mama alizaliwa Kasaji. Kule udongo wa kando ya mto ni mweusi, unatupa mbegu na unasogea pembeni ili isikupige usoni ikikua. Hakuna mtu wa Kasaji ambaye angeuliza weusi umetoka wapi. Hapa kwetu weusi ni rangi ya kobalti. Kaka alijua hilo kuliko wengi, kwa maana kutwa alitenga jiwe jeusi na jiwe la kijani. Lakini aliujua weusi ukiwa jiwe. Kitu kilichopita majini na kukataliwa na mnunuzi, kwake kilikuwa kimeacha kuwa madini, kimerudi kuwa udongo. Mama alijua udongo, kaka alijua mawe. Tope lile lilikuwa katikati, na pale katikati hakukuwa na mtu.

Tulilimwaga juu ya matuta na kulichanganya kwa mikono.

Mavuno ya kwanza sitayasahau. Majani ya lumba-lumba yalikuwa ya kijani kizito, karibu na bluu, na harufu yake ilivuka ua. Ukipita na fungu moja, mikono yako ilinukia mpaka umelala. Mimi ndiye niliyeuza sokoni. Mimi ni mtu wa haya, na soko halimtaki mtu wa haya. Niliketi nyuma ya beseni langu na kuangalia miguu ya watu inavyopita. Kando yangu aliketi mama mmoja muuza kapenta, vile vidagaa vikavu, mwenye sauti ya kuita treni.

"We mutoto," aliniambia, "uko nauza ao uko nachunga? Hii majani itaoza na we utaoza nayo."

"Niko nauza, mama."

"Na kinywa gani? Mi niko hapa kando na sijasikia."

Wauzaji wengine walicheka. Hapo akapita mwanamke mwenye tumbo kubwa, akasimama kama mtu aliyeitwa.

"Ni nini inanuka hivi?"

"Lumba-lumba, mama," nilisema.

"Ya wapi?"

"Ya mama."

"Ya mama! Dunia yote ni ya mama. Nauliza inatoka wapi?"

Muuza kapenta alinijibia. Mwanamke yule akachukua mafungu yote yaliyokuwa juu, akanusa moja baada ya jingine, akafumba macho. Tangu siku ile sikuhitaji kuita. Walikuja wenyewe, na wengi wao walikuwa na mimba au watoto mgongoni.

Mama alimwomba kaka kiroba kingine. Jirani yetu, ambaye bustani yake inagusana na yetu, alichungulia juu ya ua wa matete na kuomba pia. Mama akampa. Si mtu wa kula peke yake. Alimwonyesha hata namna ya kulichanganya.

Kisha mambo yakageuka, polepole, mpaka tukafikiri ni jua. Mbegu tulizomwaga ziliota chache, na zilizoota zilisimama tu. Majani yalianza kuwa ya manjano katikati ya mishipa, mishipa yenyewe ikabaki kijani, kama mistari iliyochorwa kwa kalamu. Mama aling'oa shina moja. Mzizi wa lumba-lumba ni ndevu nyeupe ndefu. Huu ulikuwa mfupi, wa kahawia, mnene kwenye ncha, kama brashi iliyosugua sufuria mpaka ikaisha.

"Iko na njaa," mama alisema.

Akaongeza udongo mweusi.

Ng'ambo ya ua, lumba-lumba ya jirani ndiyo kwanza ilikuwa imeshika harufu ile kali. Mama alisimama akiangalia kupitia matete.

"Budongo ni moja," aliniambia kwa sauti ya chini. "Yake inanuka, yangu inakufa. Kuko jicho mubaya hapa."

"Labda yake bado ni mpya, mama."

"We unajua nini?"

Sikujua.

Wakati huo alipita mwanamke kijana, agronomu, mtaalamu wa kilimo, kutoka Lubumbashi. Alikuwa anazunguka bustani za kando ya kijito akichukua udongo kwa kijiko na kuutia kwenye vifuko. Mama alimpenda kwa sababu alichuchumaa. Wengine waliowahi kutuuliza habari za shamba walisimama juu yetu kama wanaosoma kaburi. Huyu alichukua udongo, majani na mizizi, akauliza tope lilitoka wapi, na kaka akamwambia bila kuficha, tena kwa fahari. Akaondoka. Wakati wa kiangazi alirudi, akaketi kwenye kiti chetu kidogo, na kabla ya kusema lolote aliomba maji ya kunywa.

"Mama," alianza, "mu budongo yako muko chembe za shaba na za kobalti. Ni ndogo sana. Sisi tunaziita nano."

"Za nani?"

"Nano, mama. Chembe za nano."

"Njo nakuuliza. Za nani? Mwenyewe ni nani?"

Kaka alicheka mpaka akashika ukuta. Agronomu naye alicheka, akafuta macho.

"Mama, kama ningejua mwenyewe, ningemuleta hapa akusalimie."

Halafu akaeleza, na hakuna aliyecheka tena. Alisema kwamba vumbi la barabara, lile tunalofagia kila asubuhi, kando ya chembe hizo ni kama kichuguu kando ya siafu. Jiwe likipondwa na kusagwa na kuoshwa, zile ndogo kabisa hazikamatwi. Zinakwenda na maji, zinalala kwenye tope. Mzizi unakunywa maji, na shaba inaingia pamoja nayo. Inauchoma mzizi kwanza, ndiyo maana umekuwa mfupi. Kisha inapanda.

"Lakini shaba ni dawa," mama alisema. "Mu duka banauzisha poda ya bluu, tunanyunyizia tomate. Banasema ni shaba."

"Ni kweli, mama. Kidogo tu, juu ya jani, ya kuua ukungu. Hata chumvi ni muzuri. Ukikula ndoo muzima ya chumvi, utakuwa je?"

"Basi nitasukula majani, nitayaosha na chumvi na maji moto."

"Ukisukula unatoa vumbi ya inje, na ni muzuri. Lakini hii ingine haiko juu ya jani. Iko mu ndani."

Mama alikuwa ameshika shina moja mkononi, anavunja kijani kile kidogo kilichobaki, na harufu ikapanda kati yetu.

"Na ju ya nini ilikuwa inanuka muzuri vile?"

Yule mwanamke aliweka kikombe cha maji chini. "Mara ingine mumea ukiteseka unatoa harufu mingi. Njo namna yake ya kujipigania."

"Ilikuwa inateseka, na bantu balikuwa banaipenda."

"Ndiyo, mama."

"Batoto balikunywa. Batoto mingi. Batakuwa je?"

"Siwezi kukuambia mutoto huyu ao ule atagonjwa. Sijui, mama, na mutu akikuambia anajua, usimusikilize. Najua tu kama haifai kubapa tena."

Alisema ataomba watu waje kuuondoa udongo ule na kuleta mwingine. Labda aliomba. Hatujamwona mtu. Tuliyebaki naye ni yule "nani" wa mama. Mchanga ukipatikana kwenye bukari, kaka alisema, "Kuko chembe za nani humu." Mwanzoni ilikuwa mzaha. Baadaye kaka alipoisema, mama aliacha kula.

Mama aling'oa lumba-lumba yote, akafuatisha seleri na lengalenga. Niliacha kwenda sokoni. Lakini langoni watu hawakuacha kuja, na mama sasa alishinda sokoni akiwabebea watu wengine mizigo, kwa hiyo aliyewajibu mara nyingi nilikuwa mimi.

"Mama eko wapi? Tunatafuta lumba-lumba, muke wa mudogo wangu amezaa."

"Hakuna, mama."

"Hakuna? Na hii inanuka hapa?"

"Ni ya jirani. Lakini mama anasema musichukue."

"Ju ya nini?"

"Iko na chuma ndani."

Mwanamke yule aliniangalia, kisha akacheka, si kwa ubaya. "Mwanangu, hapa Kolwezi nani hana chuma ndani? Hata we uko nayo." Akaenda kwa jirani. Neno la kumfuata nalo nimelitafuta mara nyingi baadaye nikiwa peke yangu, na mpaka leo sijalipata, kwa sababu alichosema ni kweli.

Mama mwenyewe alikwenda kwa jirani. Nilikuwa naye.

"Jirani, ng'oa ile lumba-lumba. Iko na sumu. Yangu umeona namna ilikufa."

"Yako ilikufa, sasa unataka na yangu ikufe?"

"Budongo ni mi nilikupa. Nilikosa. Sikujua."

"Ulinipa, na sasa roho inakuuma ju inanizalia. Sema hivyo tu, mama. Tutasikilizana." Alikuwa anafunga mafungu huku anasema, na hakuacha kufunga. "Batoto yangu banakula nini, nikiing'oa? Utabalisha we?"

Mama hakuwa na cha kuwalisha. Tulirudi. Kabla mwezi haujaisha mtaa wote ulijua kwamba mama ana wivu. Wengine walisema zaidi ya hapo, kwamba mkono wake umekuwa mbaya, ndiyo sababu kila anachopanda kinakufa. Wale waliokuwa wakimletea watoto walionenepa sasa walipita upande wa pili wa barabara.

Hapo ndipo mke wa kaka, aliyekuwa akiishi nasi, alipojifungua. Mtoto wa kiume, mweusi, mwenye nywele nyingi. Kwa siku chache nyumba yetu ilisahau yote. Mama wa mke alikuja kumhudumia binti yake, kama ilivyo desturi, na akalala nasi. Alikuwa mtu mkubwa mwenye heshima, lakini mwenye kuona kila kitu. Mama alikuwa ametuma neno Kasaji kwa mdogo wake, alete lumba-lumba ya kule kwa lori lolote linalokuja. Lori halikuja. Mtoto akaanza kulia. Alikunja miguu, tumbo likawa gumu kama ngoma.

"Mu nyumba ya lumba-lumba," mkwe alisema, "mutoto analia tumbo?"

"Tungoje kidogo, mama," mama alijibu. "Itatoka Kasaji. Tumukande na maji moto."

"Kasaji! Na inanuka hapa nyuma ya ua?"

Mama alilieleza jambo lote, la tope na la chembe. Mkwe alisikiliza akiwa amekunja midomo. Adhuhuri, mama alipokwenda kijitoni kufua nepi, mkwe alinigeukia.

"We, shangazi wa mutoto. Enda kwa jirani, leta fungu moja."

Sikutoka. Nilisimama pale nikiangalia sakafu, na mtoto akilia.

"Hausikii?"

"Mama anakataa," nilisema.

Akafunga kitenge chake vizuri, akaenda mwenyewe. Harufu iliingia kabla yake. Ilikuwa ile ile ya mavuno yetu ya kwanza, na sitaficha, ilikuwa nzuri, na mate yalinijaa mdomoni. Akaosha majani vizuri sana, mara mbili, akayaweka katika sufuria yetu juu ya mbabula ya makaa. Maji yakawa ya kijani.

Mama alisikia harufu akiwa njiani. Alifika anakimbia, nepi mbichi begani. Hakuuliza kitu. Alishika sufuria kwa ncha ya kitenge, akaitoa nje, akaimwaga uani.

"We mama!" mkwe alipiga kelele. "Huyu si mutoto ya mutoto wako?"

"Njo maana."

"Mutaa muzima ulibapatia. Batoto ya bantu bote bamekunywa mu mikono yako. Inafika kwa wetu, unasema hapana?"

Niliona kwamba mama amefika pahali pasipo na mlango. Akisema ni dawa, amemnyima mjukuu wake. Akisema ni sumu, basi watoto wale wengine wote, wale aliokuwa akionyeshwa langoni.

"Sikujua," alisema mwishowe.

"Kumbe iko vile," mkwe alisema polepole. "Ulibapatia, haukujua. Sasa umejua, na ni wako tu njo unaokoa."

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Mama alimwangalia, nami nilimwangalia, tukingoja aseme kwamba tope lilikuwa lake, kwamba alilileta kwa mapenzi. Aliangalia mikono yake. Kucha zake zina mstari mweusi usiotoka kwa sabuni yoyote. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nguo za mke wake.

"Tuende, mama," alimwambia mkwe. "Nitabasindikiza."

Mke wa kaka alipita mbele ya mama na mtoto kifuani. Alisimama kidogo. "Mama, nitarudia akipona," alisema, na alisema kwa upole, lakini alikuwa amemfunika mtoto uso. Wakaondoka kuelekea barabarani, kwao, ambako lumba-lumba ingenunuliwa kwa yeyote atakayekuwa nayo.

Kuku walikuwa wamekwisha kuja kwenye majani yaliyomwagika. Mama aliwafukuza kwa nepi. Kisha akapiga magoti, akaanza kuyaokota, jani moja moja, mengine yalikuwa bado ya moto, akayatia kwenye mfuko wa plastiki. Nilichuchumaa nimsaidie. Akanisukuma mkono.

"Acha. Usishike."

Aliendelea peke yake. Ng'ambo ya matete lango la jirani lililia, na sauti ya mwanamke nisiyemjua ikauliza kama hapa ndipo kwa mama wa lumba-lumba.

"Ni hapa, mama," jirani alijibu. "Ingia tu. Iko mingi."

Mama hakuinua kichwa.